Spea Zote Zipitie Mwanza

Nimestaafu juzijuzi tu, na bado simu zenu haziniachi. Wiki ya kwanza mliniuliza kichujio cha greda kiko wapi. Nikawajibu kiko pale pale kilipokuwa nilipowakabidhi funguo. Wiki iliyofuata mkanipigia kulalamika kwamba bosi mpya anawalazimisha kuchora mtiririko wa kazi, kila hatua na mwenye nayo, na hamuoni faida ya kujaza ukuta mishale wakati wateja wamejaa kaunta. Mimi pia sikuiona. Nilipoambiwa nichore wa kwangu nilikasirika kuliko ninyi, na nilikuwa na sababu nyingi zaidi. Kwa hiyo nakaa hapa barazani kwangu niwaandikie jinsi ilivyokuwa, tangu nilipoingia stoo ya Nyamisangura, hapa Tarime mjini, hadi siku spea zilipoacha kutupita mlangoni. Nani alipandishwa cheo na nani hakupandishwa, ulizeni wengine.

Stoo hiyo mnayoilalamikia kwa joto, mimi niliikuta ikinuka grisi na mahindi, maana kabla ya kampuni yetu ya kukodisha mashine kuipanga ilikuwa ghala la nafaka. Panya walikuwa hawajapata taarifa ya mabadiliko. Mimi ni mtoto wa wakulima wa Gorong'a, nilikuwa nimesomea utunzaji wa stoo Musoma, na nilidhani kazi ni kuandika vilivyoingia na vilivyotoka kwa mwandiko mzuri. Wa kwanza kukutana naye alikuwa Mzee Odhiambo, fundi mkuu, Mjaluo wa Rorya, mrefu, mwenye vidole vilivyoingia weusi ambao sabuni ilishakata tamaa nao. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, na kabla sijaweka mkoba chini akaniwekea kiganjani kiduara cheusi, chepesi kama bangili ya mtoto. Akaniuliza ni nini. Nikasema ni mpira.

"Huo si mpira, binti," akasema. "Hiyo ni siku ya kazi. Ukiipoteza, watu wote wa saiti wanakaa kivulini."

Ilikuwa sili ya kuzuia oili isivuje. Kwa miaka mingi baadaye nimeshika maelfu ya vitu vya namna ile, na sijawahi kushika kimoja bila kukumbuka sauti yake. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba fundi akija kuomba spea mpya aje na ile mbovu mkononi, la sivyo atarudi mara mbili. Alinifundisha kupima mdomo wa paipu kabla ya kuagiza, maana mbili zinaweza kufanana kama pacha na moja ikakataa kuingia. Zaidi ya yote alinikataza kusema "ipo" kwa kitu ambacho sijakigusa. Alisema neno "ipo" limewasha moto mwingi kuliko petroli. Ninyi mnalitamka kutwa mara ngapi? Najua, nimewasikia.

Mwanzo mashine zilikuwa chache, greda na shindilia za barabara, na wateja wetu walikuwa wakandarasi waliojua kusubiri. Halafu ikaja rashi. Wachimbaji wanaita hivyo pale habari inapoenea kwamba mlima fulani umetoa dhahabu, na kabla jua halijazama watu wameshafunga mizigo. Ilianza upande huu wa Nyamongo, ikavuka Mto Mara hadi Serengeti. Walikuja watu wa Shinyanga, wa Geita, wa Singida, wa Kigoma. Kaunta yetu, ambayo ilizoea Kikurya na Kijaluo, sasa ilisikia kila lafudhi ya nchi hii ikiuliza swali moja tu: mashine iko wapi? Walitaka kompresa, pampu za maji, na zaidi ya vyote walitaka vijiko, yale makatapila ya mkono mrefu yanayochota udongo.

Bosi wetu, Bwana Marwa, alikuwa mtu wa hapa hapa Tarime aliyeijenga kampuni kwa greda moja. Rashi ilipokuja akanunua kila kijiko alichokiona. Kimoja kilitoka Nairobi, kingine bandarini, kingine kwa mkandarasi aliyefilisika. Kila kimoja kimeundwa na kampuni yake, na kila kimoja na paipu zake, vichujio vyake na nati zake. Nilimwomba kwa heshima zote anunue vya aina moja, ili spea moja iokoe mashine mbili. Akanijibu kwamba kila kimoja kilikuwa bahati isiyojirudia. Bahati hizo, mimi ndiye niliyezitafutia vichujio.

Spea nyingi ziliagizwa Nairobi na kuingilia Sirari. Wakala wetu wa forodha pale alikuwa kijana mchangamfu mwenye wajomba pande zote mbili za mpaka, na Kiswahili chake kilikuwa kimekaa zaidi Isebania, upande wa Kenya. Kila nikimpigia alikuwa na jibu lile lile: "Mathe, mzigo wako uko sawa kabisa, ni netiweki tu imelala. Acha iamke." Nikipiga Nairobi, walisema wameshatuma. Nikipiga ofisi kuu, ambayo ilikuwa Mwanza, walisema wanasubiri Sirari. Kila mtu alikuwa ametimiza wajibu wake, na mashine ilikuwa imekufa kilimani. Nilipigwa kalenda na watu wenye adabu nzuri mno. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunitukana; angenitukana, ningepata pa kuanzia.

Aliyenichosha kuliko wote ni Masanja. Huyu alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wachimbaji wadogo ng'ambo ya mto, Msukuma wa Shinyanga, mtu mnene wa sauti ndogo. Alikodi kijiko chetu kuondoa udongo wa juu ili vijana wake wasichimbe kwa koleo. Kijiko kilipoharibika alikuja, akaketi kwenye benchi mbele ya kaunta, akaweka kofia gotini na kusema, "Mama, mimi nasubiri tu." Basi. Mtu anayekugombeza unaweza kumgombeza nawe. Mtu anayesubiri kimya mbele yako tangu unafungua hadi unafunga, unamfanya nini? Nilianza kumchukia yule mtu kwa subira yake, kisha nikajichukia mwenyewe, kisha nikawapigia tena Mwanza.

Mwaka mmoja Bwana Marwa alikwenda kwenye semina, akarudi na neno "ubunifu". Alilitamka kila asubuhi. Kwanza tulipewa programu ya kwenye simu, ya kufuatilia mizigo. Kila mzigo ulikuwa na maelezo matatu tu yanayowezekana: umeagizwa, unashughulikiwa, umefika. Mzigo wa Masanja ulishughulikiwa hadi nikawa nauota. Programu iliposhindwa, nikaitwa mimi. Bosi akasema kule semina wamefundishwa kwamba huwezi kubuni jambo jipya kama hujachora lile la zamani lilivyo, na kwamba mimi ndiye nitachora safari ya spea tangu inapoagizwa hadi inapofungwa kwenye mashine. Nilimuuliza ni nani atakaa kaunta. Akasema nitajipanga. Neno hilo nalo nalijua. Maana yake ni kwamba hakuna mtu.

Nilichora mara ya kwanza nikiwa nimekaa kitini, kwa kuwauliza watu kwa simu, na mchoro ule ulikuwa mzuri mno. Kila mtu alinieleza kazi yake inavyopaswa kuwa. Kwa mchoro ule spea ingefika kabla haijaagizwa. Mzee Odhiambo aliutazama, akacheka hadi akakohoa, kisha akaniambia niende nikatembee na spea yenyewe.

Nikaenda Sirari. Nilichagua kichujio kimoja cha oili, katoni ndogo isiyo na makuu, nikaamua kwamba popote kitakapokaa nami nitakaa. Kilikaa chini ya meza ya wakala hadi netiweki ikaamka. Kilikaa tena kumngoja mtu mwenye mhuri, aliyekuwa amekwenda kunywa chai, na chai yake ilikuwa ndefu. Mwishoni kikapakiwa kwenye lori la kampuni, nami nikapanda mbele pamoja na dereva, kijana wa Sirari aliyenifahamu. Tukateremka barabara kuu. Tukaingia Tarime mjini. Nikaanza kukusanya mkoba wangu. Tukapita stoo yetu, lango liko wazi, Mzee Odhiambo amesimama nje na kikombe chake, akatupungia mkono.

Nilimwambia dereva asimame tushushe katoni. Akaniambia kwa upole kwamba hawezi. Mizigo yote ya Sirari inapokelewa Mwanza.

Hapa ndipo ninapotaka mnielewe. Nilikuwa nalijua jambo hilo. Miaka yote nilijua spea zinaingilia Sirari, na miaka yote nilizipokea kutoka Mwanza. Nilikuwa nimebeba habari hizo mbili kichwani kama mtu aliyebeba yai kila mkono, na sikuwahi kuyaweka meza moja. Ilibidi nikae kwenye lori na katoni magotini, nione mlango wangu mwenyewe unabaki nyuma, ndipo nikaelewa tunafanya nini. Tulikwenda hadi Mwanza. Pale kichujio kikapigwa mhuri na kuwekwa rafu, kungoja lori la kurudi Tarime, na lori haliondoki hadi mzigo ujae. Nikapanda basi nikarudi nyumbani. Kichujio kilibaki.

Nilichora upya kwa hasira, nyuma ya kalenda za zamani nilizounganisha kwa gundi ya karatasi. Mshale ulitoka Sirari, ukagusa mlango wetu, ukaenda ziwani, ukarudi. Hata mtoto angeona. Bwana Marwa alikuja, akausifu sana, akapiga nao picha, akauonyesha kwenye mkutano wa wafanyabiashara. Nilipomwambia tuifute ile hatua ya Mwanza, spea zipokelewe hapa, uso wake ukabadilika. Akasema, "Hatua hiyo iache, mama." Nikauliza sababu. Akasema ni utaratibu. Nikampigia mkuu wa stoo wa Mwanza, Bwana Kaijage, Mhaya msafi wa mavazi na wa maneno, nikamuuliza utaratibu huo uliwekwa na nani. Akasema aliukuta. Aliyekuwepo kabla yake naye aliukuta. Nikauliza unasaidia nini. Akanijibu kwamba unahakikisha udhibiti. Nikauliza udhibiti wa nini. Akaniambia nina maswali mengi kwa mtu wa stoo.

Basi mchoro ukawa pambo. Kwa msimu mzima niliupigia kelele. Nilisema kwenye vikao, nilisema kwenye misiba, nilisema hadi mume wangu akaniomba nisimtaje Kaijage mezani.

Kisha mvua za masika zikaja vibaya. Kabla hazijaanza nilikuwa nimeagiza paipu ya akiba ya mkono wa kijiko kilichokuwa kwa Masanja, maana iliyokuwepo ilikwisha kuchoka na Mzee Odhiambo alishanionya. Ilikuwa paipu ya mafuta yenye kichwa kilichopinda kwa namna ya kampuni iliyounda kijiko kile peke yake. Mafundi wa mjini hawakuwa na kichwa cha hivyo. Nilikuwa nimeambiwa inashughulikiwa.

Jioni moja ya mvua kubwa mdomo wa duara moja la kikundi cha Masanja uliporomoka. Duara ni shimo la kuingilia chini, limeegemezwa miti kuzunguka. Miti ililegea, kifusi kikashuka, na vijana wanne wakabaki ndani. Walikuwa hai. Mpira wa kupeleka hewa chini ulikuwa haujakatika, na watu wa juu waliweka sikio pale wakawasikia wakiita majina. Kompresa iliendelea kuwasukumia hewa. Alfajiri, Mzee Odhiambo, ambaye alikuwa amekwenda huko kukagua mashine, akaanza kuchimba mteremko kutoka ubavuni kwa kijiko, kwa sababu kuchimba kutoka juu kungewaangushia mlima wote. Kazi ilikwenda vizuri hadi jua lilipopanda. Paipu ikapasuka, mkono ukalala chini.

Alinipigia. Alisema amejaribu kuifunga kwa klampu, imeshika kidogo ikatoka tena. Alisema watu wameingia na koleo na mabeseni, na udongo uliolowa unarudi kila wanapoutoa. Kisha akauliza, "Binti, ile ya akiba iko wapi?"

Sikusema ipo. Nilimpigia wakala wa Sirari, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa na habari nzuri: ilishatoka, iko kwenye lori, lori limeondoka sasa hivi. Yaani ilikuwa inakuja kwangu. Ilikuwa inakuja kunipita.

Nikapiga Mwanza. Bwana Kaijage alisikitika kwa dhati, akasema lori likifika ataipokea mara moja na kuirudisha kwa gari la kwanza. Nikamwambia lori linapita mbele ya mlango wangu. Akasema yeye hana mamlaka ya kuipokelea njiani, labda mwenye idhini, naye yuko msibani Bukoba. Nikampigia Bwana Marwa. Simu yake iliita hadi ikachoka.

Nikatoka nikasimama barabarani. Mvua ilikuwa imepungua ikawa manyunyu. Sikuwa na wazo lolote la kishujaa, nilikuwa nimechoka tu na kila mtu, na miguu ikanipeleka katikati ya lami. Lori likaja. Ni yule yule dereva. Akasimama akashusha kioo, akanisalimia, nami nikamweleza. Alisikiliza yote. Alikuwa na huruma, niliiona, lakini alikuwa pia na watoto, na karatasi yake ilisema Mwanza. Akaniambia mwenzake aliwahi kushusha mzigo njiani kwa kumsaidia mtu, akafukuzwa kazi.

"Mura," nikamwambia, kama Wakurya tunavyomwita kijana, "piga picha. Nipige mimi nikiwa nimeshika hiyo paipu. Watakapokuuliza, waambie Ghati wa stoo amekunyang'anya, na mimi sitakataa."

Akateremka, akafungua nyuma, akaniletea ile paipu imezungushiwa nailoni, na kweli akanipiga picha nimeishika kifuani, nimelowa, kanga kichwani. Picha hiyo ilifika Mwanza kabla sijafika Nyamongo. Simlaumu. Nilimwambia mwenyewe.

Nilichukua pikapu ya kampuni na kijana mmoja wa karakana akaendesha. Barabara mnaijua ilivyo siku za mvua. Tuliteleza, tukasukumwa na watu, tukavuka daraja la Mto Mara maji yakiwa mekundu na yamejaa magogo. Tulipofika kilimani watu walikuwa wengi kama mnadani na kimya kama kanisani. Mzee Odhiambo aliipokea paipu, akaifunga. Kijiko kikanyanyua mkono. Watu wakapumua.

Masanja alikuwa amepiga magoti kwenye mpira wa hewa, akizungumza na walio chini, akiwatajia nani yuko juu, kijiko kimefika wapi. Baadaye alinieleza kwamba tangu mchana walijibu watatu. Wa nne, Lukasi, kijana wa Kahama, alikuwa amebanwa mguu na gogo, na sauti yake ilikuwa imepotea. Waliwafikia kabla ya jua kuchwa. Watatu walitoka kwa miguu yao, wamefunikwa udongo hadi macho. Lukasi alitolewa kwenye blanketi. Masanja alivua kofia akamfunika uso.

Nilirudi Tarime nikaamini kwamba sasa hakuna mtu atakayeniuliza kitu. Nilikuwa sijawajua. Asubuhi iliyofuata Bwana Kaijage aliniandikia kwamba paipu ilipokelewa nje ya utaratibu, na kwamba irejeshwe Mwanza ikasajiliwe. Nilisoma mara mbili. Nikampigia kumwambia paipu imefungwa kwenye mashine. Akasema analifahamu hilo, lakini bila kuiona hawezi kuipokea, na isipopokelewa haiwezi kuhesabiwa kuwa imetumika. Nilikata simu nikaenda nje nikakaa juu ya tairi.

Kikao kiliitishwa hapo hapo stoo. Alikuja Bwana Marwa, alikuja Kaijage na suti yake, na Mzee Odhiambo aliitwa kama shahidi. Kaijage alieleza kosa langu kwa ufasaha. Nikaulizwa kama nina la kujitetea. Nikasema sina, paipu niliichukua. Lakini nikasimama mbele ya ule mchoro, nikaweka kidole kwenye mshale unaokwenda Mwanza, nikasema sitatia sahihi onyo lolote hadi mtu mmoja, mmoja tu, aniambie hatua hii iliwekwa kwa ajili gani. Nikamgeukia Kaijage. Akafungua mdomo, na nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kulifikiria swali lenyewe, maana aliufunga.

Bwana Marwa alikuwa anaangalia mikono yake. Akasema, "Niliiweka mimi. Kwa ajili ya Chacha."

Chacha ni mdogo wake. Ndiye aliyekuwa mtunza stoo kabla yangu. Mimi niliambiwa alikwenda Isebania kufanya biashara. Bosi akasimulia kwa sauti ya chini. Spea zilikuwa zikiingia Tarime na kutoweka, na yeye alijua zinatoweka na nani. Mama yao alikuwa hai bado, mgonjwa, na Chacha alikuwa kitinda mimba wake. "Ningemfukuza, ningemwambia nini mama?" akasema. Hivyo hakumwambia mtu. Aliagiza tu kwamba kuanzia hapo mizigo yote ipokelewe Mwanza, kwa ajili ya udhibiti, na Chacha akabaki na stoo isiyopokea kitu hadi akaondoka mwenyewe. Kisha nikaletwa mimi. Agizo likabaki, kwa sababu kulifuta kungemlazimu kueleza kwa nini liliwekwa.

Nilikuwa nimelindwa miaka yote dhidi ya mwizi ambaye kiti chake nimekikalia mimi.

Nilimtazama Mzee Odhiambo. Alikuwa anatazama sakafu, nami nikajua kwamba alijua. Hilo liliniuma kuliko la bosi. Mtu aliyenikataza kusema "ipo" alininyamazia jambo hilo huku akiniona nikihangaika na kalenda na gundi. Nilimuuliza pale pale, mbele yao. Alisema lilikuwa jambo la ndugu wawili na mama yao, na mgeni haingizi mkono kwenye chungu cha watu. Nikamwambia Lukasi wa Kahama naye alikuwa na mama. Hatukuzungumza vizuri kwa muda mrefu, mimi na yeye, ingawa niliendelea kumwamkia kila asubuhi na yeye kuitikia. Tulipatana baadaye, lakini siwezi kusema ilikuwa kama mwanzo.

Bwana Marwa aliinuka, akachukua kalamu mezani kwangu, akaukata ule mshale kwa mkono wake. Onyo langu halikuandikwa. Dereva hakufukuzwa. Kaijage alirudi Mwanza, na kwa miezi kadhaa vijana wake waliendelea kupiga simu kuuliza mizigo ya Sirari imefikia wapi, kwa sababu hakuna aliyekuwa amewaambia. Utaratibu ukishazaliwa unakufa kwa shida. Wafu wanajua kulala kuliko utaratibu.

Mnaponiuliza basi mchoro una faida gani, jibu langu ni hilo. Mtakuta hatua moja ambayo kila mtu ameikuta. Msiipambe. Iulizeni hadi mtu aone aibu, na mkijibiwa kwamba ni utaratibu, jueni kuna mtu nyuma yake anayeona haya.

Mvua zilipokwisha Masanja alikuja. Alikuwa amekwenda Kahama kumzika Lukasi, akakaa huko na wafiwa. Aliketi kwenye benchi, akaweka kofia gotini, na mimi nikatoka nyuma ya kaunta nikaketi kando yake, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Akaniuliza kwa ile sauti yake ndogo, "Mama, ingefika asubuhi, Lukasi angekuwa hai?"

Nilikuwa nimejiandalia majibu mengi kwa swali hilo. Nikamwambia sijui. Nikamwambia ingeweza kuwa hapa rafuni siku nyingi kabla ya mvua ile, na kwamba haikuwepo kwa sababu za kijinga, na kwamba sijui.

Akatikisa kichwa taratibu. Akasema mama yake Lukasi amemuuliza hivyo hivyo, naye amemjibu hivyo hivyo. Kisha akasema anataka kukodi kijiko tena, kile kile, maana watu wake wanakula kwa kile. Ila alikuwa na sharti. Kabla hakijavuka mto aione paipu ya akiba kwa macho yake.

Niliingia ndani nikaileta. Aliipokea kwa mikono miwili, akaigeuza, akapapasa kichwa chake kilichopinda. Nikanyoosha mkono niirudishe rafuni hadi itakapohitajika. Masanja hakunipa. Alitoka nayo hadi kwenye kijiko kilichokuwa kinapakiwa pale uani, akapanda ngazi polepole kwa unene wake, akaifunga kwa kamba nyuma ya kiti cha dereva, akaivuta kuona kama imeshika. Kisha akaniambia, "Hii haikai stoo tena, mama. Inakwenda na mashine."

Nikamwachia.